Je, Mtindi Wangu Ulikuwa Halali?

Ndugu msomaji, mimi ni muuza mtindi. Naandika pia, ndiyo maana tumekutana kwenye kurasa hizi, lakini kalamu haijanilipia kodi ya chumba hata mwezi mmoja. Mtindi unalipa. Naugandisha mwenyewe hapa Ngokolo, Shinyanga mjini, nautia kwenye vikombe vya plastiki vyenye mifuniko, naupanga kwenye deli la barafu na kuutembeza kwa baiskeli mtaa kwa mtaa, mpaka karibu na kanisa kuu Jumapili watu wanapotoka misa. Maziwa nayapata kwa wafugaji wanaoingia mjini alfajiri na madumu yao. Sasa kumuuzia Msukuma mtindi ni kazi, bwana. Yeye kazaliwa kaukuta nyumbani ndani ya kibuyu. Ukiwa mwepesi hakugombezi, anakuangalia tu, halafu anakurudishia kikombe chako.

Na jua la Shinyanga unalijua. Ikifika saa saba mchana mtindi wangu ulikuwa umeshajitenga, maji juu, mabonge chini. Mteja akifungua anasema umeharibika. Ndipo mshikaji mmoja niliyekutana naye Mwanza akanipa siri ya mjini: "Tia jelatini. Kijiko kimoja cha chai kwa lita. Hautajitenga mpaka jioni." Akanipeleka dukani. Nikapimiwa robo kilo ya unga wa rangi ya mchanga, ukatiwa kwenye mfuko wa nailoni, na juu yake muuzaji akaandika kwa kalamu ya wino mzito neno moja tu: JELATINI.

Niseme kweli, ulifanya kazi. Mtindi ukasimama kama askari wa gwaride. Wateja wakaongezeka, nikaanza kupiga mahesabu ya deli la pili.

Ijumaa moja ustadhi wa madrasa ya mtaani kwetu akanisimamisha. Watoto wake walikuwa wamehitimu juzuu, akataka vikombe arobaini.

– Shikamoo ustadhi.

– Marahaba mwanangu. Huu mtindi wako mbona mzito hivi? Unatia nini?

– Maziwa tu ustadhi, na mtindi kidogo wa jana wa kuchachushia.

– Mashaallah. Mungu akubariki.

Akalipa. Sikusema uongo hata neno moja, maana maziwa yalikuwemo, na mtindi wa jana ulikuwemo. Lakini nilipokuwa nakanyaga pedeli kurudi nyumbani nikajiuliza: kama ule unga hauna neno, kwa nini sikuutaja? Kwani ulimi wangu ulijua kitu ambacho mimi mwenyewe sikukijua?

Usiku ule nikatafuta jelatini ni kitu gani. Jelatini si mmea, wala si madini. Ni ngozi na mifupa. Ndani ya ngozi, mifupa na kano za mnyama kuna protini iitwayo kolajeni, ndiyo inayoushikilia mwili. Kiwandani ngozi huloweshwa kwenye tindikali, au mifupa kwenye chokaa kwa wiki kadhaa, kisha hupikwa kwa maji moto. Kolajeni hukatika, supu ile huchujwa, hukaushwa na kusagwa. Mama aliyepika kongoro akalala, asubuhi akakuta supu imeganda na inatikisika, huyo keshatengeneza jelatini bila kujua jina lake. Imo kwenye peremende za kutafuna zinazonepanepa, imo kwenye krimu za keki, imo hata kwenye maganda ya zile dawa za rangi mbili tunazopewa hospitali. Ng'ombe anaitoa. Samaki anaitoa. Na nguruwe anaitoa kwa wingi. Huko Ulaya ngozi ya nguruwe ndiyo chanzo kikubwa cha jelatini ya kuliwa.

Yangu ilitoka kwa nani? Nikampigia simu muuzaji. Akacheka. "Jelatini ni jelatini, ndugu yangu. Aliyechukua kilo ishirini kabla yako hakuuliza."

Mimi ni Mwislamu. Si hodari wa ibada, lakini nguruwe sijawahi kumla na sitarajii. Sasa nikawa nimekaa kitandani na mfuko wa nailoni mkononi, na vikombe arobaini vimeshaliwa na watoto wa madrasa.

Hebu tulitazame jambo hili polepole, maana ndani yake kuna maswali matatu, na watu wengi huyachanganya wakayafanya moja.

Swali la kwanza: kitu ni kile kilichokuwa, au ni kile kilicho sasa? Qurani inataja uharamu wa nguruwe mahali zaidi ya pamoja, ukiwemo Surat al-Baqara, aya ya 173. Lakini ule unga wangu ni nguruwe? Hauna nyama, hauna mafuta, hauna harufu. Mafakihi wana neno lao, istihala, yaani kitu kugeuka kabisa kikawa kingine. Mfano wao mkubwa ni mvinyo: ukigeuka wenyewe kuwa siki, siki ile ni safi, na hapo madhehebu yote yamekubaliana. Wahanafi na Wamaliki wameupanua mlango huo. Sisi Waafrika Mashariki wengi wetu ni Mashafi, na Imamu Shafi aliuacha mlango mwembamba: siki iwe imegeuka yenyewe bila kutiwa kitu, na ngozi ya mzoga isafishike kwa kudibaghiwa, isipokuwa ya mbwa na ya nguruwe.

Usidhani ni ubishi wa vitabu vya zamani tu. Mwaka 1986, mjini Amman, Chuo cha Kimataifa cha Fiqhi kilichoundwa na Jumuiya ya Nchi za Kiislamu kiliamua kuwa jelatini ya nguruwe haijuzu kutumiwa katika chakula. Miaka tisa baadaye, Mei 1995, kongamano la mafakihi na madaktari lililofanyika Kuwait likasema kinyume: jelatini inayotokana na mifupa, ngozi na kano za mnyama najisi imeshageuka, ni safi, na kuila kunajuzu. Wote wanazuoni. Wote wamesoma aya zile zile.

Ukiniuliza mimi muuza mtindi, nitakuambia hoja ya kugeuka inanivuta. Mchicha wa bondeni unakua kwa samadi, na hakuna anayesema tunakula samadi. Na mtu je? Jirani yako aliyekuwa mwizi akatubu, utamwita mwizi mpaka anazikwa? Lakini upande wa pili nao una nguvu. Wanauliza: imegeuka kiasi gani? Kolajeni imekatwa vipande, haikuyeyuka ikawa kitu kipya kabisa, na maabara mara nyingine wanaweza kutambua vipande vile ni vya mnyama gani. Kama mashine inamtambua nguruwe, sisi tunasemaje hayupo? Na sisi vijana tuna ugonjwa mmoja, tuukubali: tunachagua rai inayotufaa biashara, halafu tunaiita elimu. Usiku ule nilipenda sana Kuwait kuliko Amman. Nikajishtukia. Sikuwa natafuta haki, nilikuwa natafuta deli la pili.

Swali la pili: kidogo kina hesabu? Kijiko cha chai kwenye lita nzima ni nini? Hapa nikakumbuka hadithi tuliyofundishwa utotoni, ya panya aliyeangukia kwenye samli. Mtume aliambiwa, akaelekeza kwamba panya atolewe na samli iliyomzunguka, kisha iliyobaki iliwe. Mafakihi wengi wakaeleza kwamba hiyo ni samli iliyoganda. Ikiwa ya majimaji hukumu ni nyingine, maana huwezi tena kuonyesha panya aliishia wapi. Tatizo langu ni hilo hilo. Jelatini haikai pembeni ya kikombe ikingoja kutolewa. Imeenea yote. Kazi yake ndiyo hiyo.

Wenzetu wa Indonesia walifika mbali zaidi. Mwishoni mwa mwaka 2000 Baraza la Maulamaa la huko lilisema kiungo cha Ajinomoto kilichotengenezwa nchini humo ni haramu. Katika unga wenyewe nguruwe hakuonekana. Kasoro ilikuwa hatua kadhaa nyuma: bakteria wanaotengeneza kiungo kile walikuwa wamekuzwa kwa chakula kilichoandaliwa kwa kimeng'enya cha nguruwe. Januari 2001 bidhaa ikaondolewa madukani. Rais wao Abdurrahman Wahid, naye mwanazuoni, akasema ni halali. Baraza likashika msimamo wake. Basi unaona, hata rais na maulamaa wake walisimama kando mbili za kikombe kimoja.

Swali la tatu ndilo lililoninyima usingizi: kutojua. Kuna hadithi inayopokewa kwa Bibi Aisha, ya watu waliomwambia Mtume kwamba wanaletewa nyama na hawajui kama wachinjaji walilitaja jina la Mungu. Akawaambia walitaje wao, wale. Unaona wepesi uliomo? Mlaji hakuamrishwa afuatilie ng'ombe mpaka machinjioni. Dini haikumtaka mama anayenunua nusu kilo ya nyama ageuke mpelelezi. Basi nikafurahi. Nikajiambia: na mimi sijui, nitasema bismillahi, yamekwisha.

Nikaendelea kuuza wiki tatu nyingine. Naam, wiki tatu. Naliandika hili kwa sababu nisipoliandika, insha hii yote ni unafiki.

Kosa langu lilikuwa wapi? Ruhusa ile alipewa mlaji. Mimi sikuwa mlaji, nilikuwa mwuzaji. Mlaji anaruhusiwa kutouliza kwa sababu anamwamini aliyemletea. Wepesi wake umejengwa juu ya mabega ya mtu mwingine. Sasa huyo mtu mwingine naye akisema "mimi pia sijui", wepesi ule umesimama juu ya nini? Muuzaji wa Mwanza hakuuliza kwa sababu aliyemletea hakusema. Mimi sikusema kwa sababu muuzaji hakuuliza. Ustadhi akala kwa sababu mimi ni kijana wa mtaani kwake. Mlolongo mzima umeshikwa na imani ya mtu wa mwisho, asiyejua kuna mlolongo.

Na sheria za dunia nazo zina tundu hapo hapo. Kanuni za Codex, zinazotungwa chini ya mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na afya, FAO na WHO, zinasema mafuta ya nguruwe na mafuta ya ng'ombe lazima yatajwe kwa majina yao kwenye lebo. Jelatini haimo katika kifungu hicho. Inatosha kuandikwa "jelatini". Sisi tunaojifunza kuandika tuitazame lebo vizuri. Ni maandishi mafupi yanayosomwa na watu wengi kuliko hadithi zetu zote, na yanaweza kukudanganya bila neno la uongo, kama mimi nilivyomjibu ustadhi.

Hapo ndipo nilipokumbuka Buseresere. Msomaji wa mbali, Buseresere ni mji mdogo wa mkoa wa Geita, jirani na Katoro, kwenye nchi ya dhahabu. Tanzania tuna desturi ya siku nyingi kwamba nyama ya kuuzwa kwa watu wote ichinjwe na Mwislamu, ili kila mtu ale. Desturi haikuandikwa popote pa kutisha, watu waliishi nayo tu. Mwanzoni mwa 2013 ugomvi ukazuka Kanda ya Ziwa juu ya nani achinje, baadhi ya Wakristo wakitaka kuchinja na kuuza ya kwao. Februari mwaka huo, pale Buseresere, ugomvi ukageuka mapigano na mchungaji mmoja akauawa. Mtu na familia yake. Kwa ajili ya kisu.

Sitaki kulifanya jambo lile jepesi. Kisu kilikuwa kimebeba mengine mengi: heshima, hofu, nani mwenye mji. Lakini tazama ajabu yake. Kisu tunachokiona, kilichoshikwa na jirani tunayemjua kwa jina, tulitoana roho. Kiwanda tusichokiona, kilichochemsha mifupa ya mnyama tusiyemjua, tunakimeza asubuhi na kikombe cha mtindi na hatuulizi. Labda tunagombana na jirani kwa sababu yeye anafikika. Au labda, na hili ndilo ninaloamini, tulichokuwa tunagombania siku zote ni uaminifu, tukakosea tukadhani ni nyama. Ile desturi ya zamani ya kuchinja haikumfanya Mkristo awe Mwislamu. Ilikuwa inamwambia jirani: nimekukumbuka wakati naandaa chakula.

Jumatatu iliyofuata nikachukua karatasi, nikaandika kwa herufi kubwa, nikaibandika kwenye deli: MTINDI WA WIKI ZILIZOPITA ULITIWA JELATINI. SIJUI ILITOKA KWA MNYAMA GANI. NILIPASWA KUSEMA. NAOMBA RADHI.

Nilianza kwa ustadhi. Alisoma, akanyamaza muda mrefu, akivuta ndevu. Kisha akasema: "Watoto hawana dhambi, na mimi sina. Tulikula kwa kutojua. Wewe, siku ile nilipokuuliza, ulijua?" Nikasema sikujua ni nini, lakini nilijua kipo. Akasema, "Basi jelatini mwachie Mungu. Tubu lile jibu." Nikamwuliza na zile dawa za hospitali. Akaniambia mgonjwa asiye na badala ana hukumu ya dharura, aulize kwanza kama ipo ya aina nyingine. "Lakini mtindi," akasema, "una dharura gani?"

Aliyenishangaza ni Mama Neema, mteja wangu wa kila siku, Msabato. Alisoma karatasi, akavua miwani.

– Kwa hiyo ulikwenda kwa ustadhi kwanza.

– Ndiyo mama, kwa sababu ya nguruwe...

– Na mimi je? Mambo ya Walawi, sura ya kumi na moja. Miaka yote hii unaniona hapa, hujui Wasabato hatuli nguruwe?

Nikakosa la kusema. Nilikuwa nimekesha na Imamu Shafi, na Kuwait, na Indonesia, na sikumkumbuka mama wa nyumba ya tatu. Nilidhani swali ni letu Waislamu, wengine ni watazamaji. Kumbe hata Msukuma asiye na dini ya kitabu angekuwa na haki ya kujua anakunywa nini.

Wateja wengine walicheka, wakaendelea. Wengine hawajarudi mpaka leo, siwalaumu. Rafiki yangu mmoja, Mkatoliki, anaoka keki. Nguruwe kwake si neno. Nikataka kumpa bure kile kilichobaki. Akaupima mfuko kwa mkono, akaurudisha. "Mimi naweza kula," akasema, "lakini keki zangu wananunua hao hao wanaonunua mtindi wako. Unataka nianze na mimi kubandika karatasi?"

Sasa hivi nauchuja mtindi kwa kitambaa safi usiku kucha, kama bibi zetu walivyokuwa wanafanya. Unakuwa mzito kweli, ila lita tano zinarudi kama tatu, na bei imepanda. Nimesikia pia kuna kizito kingine, karajinani, kinachotokana na mwani, ule ule wanaolima akina mama wa Paje na Jambiani huko Zanzibar tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Mwani unasafirishwa nje mkavu, unasindikwa viwandani mbali, ndipo urudi kwetu kwenye mikebe. Inanichekesha na kuniumiza: tunauza kilicho wazi, tunanunua kilichofungwa kwenye nailoni.

Utaniuliza, mwishowe ulikuwa halali au haramu? Sina elimu ya kutoa fatwa, na mnyama wangu sitamjua kamwe. Ninachoweza kusema ni hiki: hukumu ya ule unga wanazuoni watakuwa wanaijadili bado, na mlaji asiyejua Mungu ni mpole kwake. Lakini kunyamaza kwangu hakuna dhehebu lililokuhalalisha, si Shafi, si Hanafi, si Walawi.

Mfuko ule bado uko juu ya kabati. Kutupa nimeshindwa, kutumia siwezi, kumpa mtu nimeshaona. Chini ya neno JELATINI nimeongeza kwa kalamu yangu maneno mawili: ASILI HAIJULIKANI. Ndiyo maandishi mafupi kuliko yote niliyowahi kuandika, na nilipaswa kuyaandika siku ya kwanza.